Kijana wangu anataka kuwa kocha wa hoki ya barafu chuoni: hiyo nayo ni kazi?

Swali: "Tuko Minnesota tangu 2009, tulitokea Nakuru. Kifungua mimba wangu yuko mwaka wa tatu chuoni. Alicheza hoki ya barafu sekondari, lakini timu ya chuo haikumchukua. Sasa anawakatia video na kuwabebea vifaa. Wiki jana ametuambia haombi tena nafasi ya uuguzi, anataka kuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume ya chuo. Baba yake amenyamaza tangu siku hiyo. Mimi nauliza tu: hiyo nayo ni kazi? Inalipa? Na mtoto mweusi ambaye hata kucheza chuoni hakucheza atafika wapi?"

Dada, nianze na mzee aliyenyamaza, maana namwelewa. Siku niliyopata kazi ya kupanga safari za timu za chuo kimoja huku Marekani, nilimpigia baba simu Moshi nikiwa na furaha zangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo wewe ni utingo?" Basi. Hakuligusa tena jambo hilo mpaka anaingia kaburini. Nilifanya kazi hiyo na nyingine za ofisi ya michezo kwa miaka kumi na moja, sita kati ya hiyo nikiwa na timu ya hoki ya wanaume, na siku hizi nawashauri vijana wanaotaka kuingia huko. Kwa hiyo nakujibu kama mtu wa jikoni, aliyeviona vyungu vikiungua.

Ndiyo, ni kazi. Na kwa aliyefika juu inalipa kumshinda nesi kwa mbali: kocha mkuu wa chuo kikubwa hupata laki kadhaa za dola kwa mwaka. Vyuo vya serikali havifichi, mshahara wa kocha mara nyingi huwa wazi kama wa mtumishi yeyote wa umma. Mwanao anaweza kukuonyesha kwenye simu ukiwa bado unasonga ugali. Shida ni viti. Timu za wanaume za Divisheni ya Kwanza, Marekani nzima, hazifiki sabini. Mpira wa kikapu una zaidi ya 350. Chini yake kuna Divisheni ya Tatu, yenye timu nyingi zaidi kidogo, ambako hakuna skolashipu ya michezo na kocha mkuu anaweza pia kupewa kusimamia ukumbi wa mazoezi au kufundisha darasa.

Tena anayekalia kiti hicho hang'oki upesi. Jack Parker aliifundisha Boston University kuanzia 1973 hadi 2013, misimu 40 chuo kilekile. Red Berenson alikaa Michigan misimu 33. Jerry York alikabidhiwa timu ya Clarkson mwaka 1972, akahamia Bowling Green, akamalizia Boston College, na alipostaafu 2022 alikuwa ameshinda mechi 1,123, nyingi kuliko kocha yeyote katika historia ya hoki ya vyuo. Misimu hamsini. Mwanao hajazaliwa, pengine na wewe hujazaliwa, huyo bwana yuko kwenye benchi anabadilisha wachezaji.

Kwa hiyo mlango hufunguka kwa nadra, na wanaosubiri nje ni wengi. Lakini kabla hatujafika kwenye foleni, kuna jambo kubwa zaidi: kazi anayoiona mwanao akiwa kwenye chumba cha video ni kipande kidogo sana cha kazi yenyewe.

Yeye anaona mazoezi, na anaona mechi za Ijumaa na Jumamosi. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inaruhusu mchezaji saa 20 tu za shughuli za timu kwa wiki wakati wa msimu, na lazima apate siku moja ya kupumzika. Huo ni ulinzi wa mchezaji. Kocha hana mlinzi. Timu ikirudi Jumapili alfajiri kwa basi, kocha msaidizi mmoja keshaondoka na gari la kukodi kwenda Dubuque au Sioux Falls kumtazama kijana wa miaka 18. Jumatatu asubuhi kocha mkuu ameitwa na mshauri wa masomo: beki wake wa kutegemewa anafeli kemia. Saa sita mchana anakula na mhitimu wa zamani mwenye pesa, anayetaka kujua kwa nini golikipa hajabadilishwa. Jioni anapiga simu, kwa mama wa huyu na baba wa yule, na kwa kocha wa kijana ambaye hatafika chuoni mpaka miaka miwili ijayo.

Hapo kwenye miaka miwili panawashangaza wazazi wengi wa kwetu. Hoki haifanani na mpira wa miguu, ambako mtoto humaliza sekondari Juni na Agosti yuko kwenye timu ya chuo. Wengi humaliza shule wakiwa na miaka 18, kisha huenda ligi za vijana, wakaishi kwa familia za wenyeji katika miji midogo na kucheza mwaka mmoja au miwili, ndipo waanze chuo wakiwa na 19, 20, hata 21. Kocha anaruhusiwa kuanza kuzungumza nao tangu Januari 1 ya mwaka wao wa pili wa sekondari, na kuwaahidi nafasi tangu Agosti 1 kabla ya mwaka wa tatu. Ina maana anamchagua mtoto wa miaka kumi na sita kwa ajili ya mechi ambayo kijana ataicheza akiwa na ndevu. Atakosea mara nyingi. Wanaodumu ni wale wanaokosea kidogo kuliko jirani.

Niliwahi kupewa lifti na kocha msaidizi mmoja mzee katika safari kama hiyo. Alikwenda kukaa juu kabisa kwenye kona ya jukwaa, peke yake, na dakika nzima ikapita bila kuitazama puki, kile kisahani cheusi wanachokigombania. Nikamuuliza anatazama nini. Akaninyooshea kidole kijana mmoja. "Amepokonywa. Tazama anafanyaje." Yule kijana alikuwa amesimama wima anamwangalia refa, akisubiri filimbi, wakati wenzake wanne wanarudi mbio kulinda goli. Yule mzee akaandika neno moja kwenye daftari. Baadaye akanionyesha mwingine: katika hoki mchezaji hukaa barafuni sekunde arobaini na tano hivi, anatoka, anaingia mwenzake. Huyu alikuwa anakaa sekunde sabini, themanini, akitafuta goli lake. "Anakula pumzi za wenzake," akasema, na daftari likafungwa. Tulikuwa tumeendesha saa nne kwenye theluji kuja kuwakataa vijana wawili.

Sasa nikuambie la ndani zaidi. Timu huwa na wachezaji ishirini na sita hivi. Wanaovaa jezi siku ya mechi ni kumi na wanane au kumi na tisa, ukiacha magolikipa. Wengine huvaa suti na kukaa jukwaani. Mechi ikiwa ya ugenini, baadhi yao hata basi hawapandi. Mimi ndiye niliyechapa orodha ya basi. Jumatano jioni kocha mkuu ananiletea majina, nayabandika mlangoni, nahesabu vyumba vya hoteli na sahani za wali na kuku.

Wiki moja ya Novemba alikuja ofisini kijana wa mwaka wa kwanza, mrefu, mikono mikubwa, shavu lina alama ya fimbo. Alisimama mlangoni. Akaniuliza kwa adabu kabisa kama nimesahau kuandika jina lake. Nikajifanya natazama karatasi. Nikamwambia hapana, ndivyo nilivyoletewa. Akasema "sawa, asante", akageuka, halafu akarudi kuuliza kama atapaswa kumwambia mama yake asije, maana mama alikuwa ameshaomba ruhusa kazini na anaendesha saa sita kuja kumwona.

Kocha yule, nisiyemtaja wala kukitaja chuo chake, alikuwa fundi wa mchezo. Alijua kupanga watu barafuni kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Lakini hakuwahi kumwambia mtoto uso kwa uso kwamba wiki hii hupandi basi. Karatasi yangu ndiyo iliyosema kwa niaba yake. Baada ya misimu michache wachezaji wazuri walianza kuhama mmoja mmoja, wazazi wakawa hawapokei simu zake, na mwisho naye akaondolewa. Aliyekuja baada yake alikuwa anaita kila mmoja Jumatano mchana, anafunga mlango dakika tano, ndipo orodha inafika kwangu. Hakuwa fundi kama mwenzake. Alishinda zaidi.

Ndiyo maana nasema kucheza au kutocheza siyo kikwazo kikubwa unachokidhania. Kinachopima kocha wa chuo ni kama anaweza kuishi na watoto wa watu wengine, thelathini kasoro kwa mwaka, robo yao wakiondoka kila msimu wa kuchipua na wengine wakija, na kuwaambia ukweli bila kuwavunja. Mwanao akipenda barafu tu, hiyo kazi itamchosha kabla hajafika miaka 30.

Kuna mtu mmoja ambaye habari zake zitamfaa baba yake azisikie. David Carle alizaliwa Alaska, akasoma Shattuck-St. Mary's pale Faribault, saa moja hivi kusini mwa Minneapolis. Mwaka 2008 alikuwa kijana anayetazamiwa kuchaguliwa na timu za NHL, ligi kuu ya wanaolipwa, siku wanapogawana vijana wapya. Vipimo vya afya siku chache kabla ya uchaguzi vikaonyesha kwamba msuli wa moyo wake umenenepa kupita kiasi, ugonjwa unaoweza kuua mchezaji katikati ya mchezo. Miaka 18, na kucheza kumekwisha. Tampa Bay walilitaja jina lake hata hivyo, chaguo la 203, wakijua hatawachezea hata dakika moja. Chuo cha Denver, ambako alikuwa ameahidiwa nafasi, hakikumnyang'anya skolashipu. Kocha George Gwozdecky akamfanya msaidizi mwanafunzi. Kwa miaka minne alikuwa anafanya yale yale anayofanya mwanao sasa: video, koni, mifuko, kukaa kimya kwenye mikutano na kusikiliza.

Alipohitimu akaenda Green Bay, ligi ya vijana, kuwa kocha msaidizi. Mwaka 2014 akarudi Denver kumsaidia Jim Montgomery. Montgomery akachukua ubingwa 2017, mwaka uliofuata akaitwa na Dallas Stars ya NHL, na Denver wakampa kiti Carle akiwa na miaka 28. Fainali ya 2022 pale Boston walikuwa nyuma 1–0 dhidi ya Minnesota State hadi mwisho wa kipindi cha pili. Kipindi cha tatu wakafunga matano. Mwaka 2024 wakachukua tena, 2–0 dhidi ya Boston College, na fainali hiyo ilichezwa Saint Paul, hapo hapo kwenu. Ulikuwa ubingwa wa kumi wa Denver, hakuna chuo kingine kilichokuwa nao.

Lakini usimpelekee mwanao habari hii ikiwa tamu mno. Carle hakucheza chuoni, kweli, ila alikuwa mchezaji wa kiwango cha juu kabisa kabla ya moyo kumkatalia, na kaka yake Matt alikuwa ameshinda Tuzo ya Hobey Baker ya mchezaji bora wa vyuo akiwa Denver hapo hapo. Aliingia kile chumba watu wakilijua jina lake. Mwanao jina atalitengeneza mwenyewe.

Kwa asiye na jina, mfano ninaoupenda ni wa Rand Pecknold. Mwaka 1994 Quinnipiac, chuo cha Connecticut ambacho watu wengi hata hawakujua kukitamka, kilimpa timu. Ilikuwa kazi ya muda, dola 6,700 kwa mwaka. Mchana alifundisha historia sekondari. Mazoezi yalikuwa usiku wa manane, kwa sababu uwanja ulikuwa wa kukodi na hiyo ndiyo saa iliyobaki. Fikiria: mtu anatoka kumaliza mazoezi saa saba na nusu za usiku, na asubuhi anasimama mbele ya darasa la watoto wa kidato. Timu ikapanda Divisheni ya Kwanza 1998. Ikafika fainali 2013 na kufungwa 4–0 na Yale, jirani zao wa karibu kabisa. Ikafika tena 2016, ikafungwa 5–1 na North Dakota. Msimu wake wa 29, Aprili 2023 mjini Tampa, walikuwa nyuma 2–0 mbele ya Minnesota, wakasawazisha dakika tatu kabla ya mwisho baada ya kumtoa golikipa wao ili waongeze mshambuliaji, na sekunde ya kumi ya muda wa nyongeza wakafunga. Sekunde kumi. Usilitaje hilo kwa majirani zako kama bado unataka wakusaidie kusukuma gari kwenye theluji.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo ya wengi, ni kukaa nyuma ya mtu mkubwa na kusubiri. Mike Cavanaugh alikuwa msaidizi wa Jerry York kwa miaka 18 ndipo akapata timu yake Connecticut mwaka 2013. Greg Brown aliichezea Boston College, akarudi kumsaidia York miaka 14, akaenda New York Rangers ya NHL, akaifundisha timu ya vijana ya Dubuque, na York alipostaafu ndipo akarithi. York mwenyewe alianza hivyo hivyo: alikuwa msaidizi Clarkson, mkubwa wake alipohama, akaachiwa yeye. Vyeti husaidia, lakini makocha huajiriana kwa sauti ya mtu mwingine: "huyu nilikuwa naye, mchukue." Chama cha makocha wa hoki wa Marekani hukutana kila msimu wa kuchipua pale Naples, Florida. Nilikwenda mara mbili. Ukumbini kuna hotuba za sheria mpya na maandalizi ya ratiba, sawa. Ajira zenyewe zinapangwa kwenye korido, wanaume wazima kwa kaptura na malapa, vijana wenye wasifu mfukoni wakizunguka kama mafundi wanaosubiri mjengo.

Kuhusu rangi sitakudanganya. Ni mchezo wa weupe, na benchi la makocha ni jeupe kuliko barafu yenyewe. Ed Wright, kocha mweusi, aliifundisha timu ya chuo cha Buffalo miaka ya 1970, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema haijawahi kutokea, lakini baada yake pamekuwa na ukimya mrefu. Paul Jerrard, aliyekuwa mmoja wa makocha weusi wachache sana kufika benchi za NHL, alimalizia kazi yake akiwa kocha msaidizi chuo cha Omaha, akafariki 2023. Mwaka huo huo Tennessee State ya Nashville ikawa chuo cha kwanza kati ya vile vya kihistoria vya Wamarekani weusi kutangaza kwamba kitaanzisha hoki, na 2024 ikamteua Duanté Abercrombie kuwa kocha. Ni dalili, bado si mvua. Mwanao ataingia vyumba ambamo yeye ni peke yake, na atachanganywa na mtu wa usafi. Mimi ilinitokea nikiwa nimevaa koti la timu. Ajiandae, na asiwe wa kwanza kujicheka ili wengine wastarehe. Hilo nilijifunza nimechelewa.

Na akija likizo Nairobi, aende Mombasa Road, kwenye kile kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli ya Panari kilichofunguliwa 2005. Hapo ndipo Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, walipojifunzia, wale waliopelekwa Kanada 2018 wakacheza pamoja na Sidney Crosby, nyota wa NHL. Kenya imeingia kwenye shirikisho la dunia mwaka 2024. Wiki tatu za kufundisha watoto pale zitamfundisha yeye zaidi, na hakuna mwombaji mwingine wa kazi Marekani atakayekuwa nazo kwenye wasifu wake.

Umeuliza kama inalipa. Nadhani pia ungeuliza kama inadumu. Haidumu kwa wote. Gwozdecky, yule yule aliyemwekea Carle skolashipu yake, aliipa Denver ubingwa mara mbili mfululizo, 2004 na 2005, na 2013 akaachishwa. Ned Harkness aliipeleka Cornell msimu wa 1970 bila kufungwa wala sare, mechi 29, jambo ambalo hakuna bingwa mwingine amelifanya. Akaenda kuifundisha Detroit Red Wings ya NHL na mambo yakamharibikia upesi, kwa sababu watu wazima wenye mishahara hawaongozwi kama wanafunzi. Bob Johnson alitoka Wisconsin na ubingwa mara tatu, akaenda NHL, akashinda Kombe la Stanley na Pittsburgh 1991. Mmoja alifaulu, mmoja alishindwa, na wote wawili walikuwa walimu wa daraja la juu. Herb Brooks, mtoto wa Saint Paul, aliichukulia Minnesota ubingwa mara tatu kabla ya kuwafunga Wasovyeti 4–3 pale Lake Placid mwaka 1980 akiwa na timu ya vijana wa vyuo. Baba yake akitaka kujua kwa nini Wamarekani wa huko wanamheshimu kocha wa chuo kama sisi tunavyomheshimu mwalimu mkuu wa zamani, amtafute huyo.

Sasa hivi mchezo wenyewe unageuka, na nadhani unageukia upande wa mwanao. Tangu Agosti 2025 vijana waliocheza ligi kubwa za Kanada, waliokuwa wamefungiwa kwa miaka mingi, wanaruhusiwa kuchezea vyuo vya Marekani. Mwaka huo huo vyuo vilivyojiunga na mpango mpya vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na mchezaji asiyeridhika anahama bila kukaa nje mwaka. Kocha mkuu aliyezoea kukaa na kijana miaka minne sasa anamsajili upya kila Aprili. Anahitaji watu wa kumchambulia mamia ya majina haraka, kwa video na kwa hesabu. Isitoshe, mpaka 2023 timu ilikuwa na wasaidizi wawili wa kulipwa na wa tatu wa kujitolea, aliyeishi kwa pesa za kambi za watoto za kiangazi. Nilimjua mmoja aliyekuwa analala ofisini wiki za mwisho wa mwezi. Sheria hiyo imefutwa, na yule wa tatu sasa analipwa. Ni kiti kimoja zaidi kwa kila timu, na mara nyingi ndicho hupewa kijana wa video.

Ningekuwa wewe, nisingemlazimisha kurudi kwenye uuguzi. Najua hesabu yake: miaka minne, mtihani wa leseni, na kazi inamsubiri kabla joho la mahafali halijarudishwa. Lakini zamu za hospitali zinaangukia Ijumaa na Jumamosi, na mtu hawezi kuwa sehemu mbili. Ningemsukuma kwenye ualimu au sayansi ya mazoezi, kitu cha kumlisha mchana kama kilivyomlisha Pecknold. Akihitimu, atafute chuo kitakachomlipia shahada ya pili huku akiisaidia timu. Zipo nafasi hizo kila mwaka, posho ni ndogo lakini ada haimgusi. Kisha mpangiane, nyinyi watatu mkiwa mezani: akifika miaka 27 bila timu yoyote kumlipa mshahara kamili, mnakaa tena. Mkubaliane sasa, wakati hakuna aliyekasirika.

Vuli hii afanye mambo mawili. Achukue cheti cha kwanza cha ukocha cha USA Hockey na afundishe watoto wa miaka kumi mtaani kwenu. Minnesota ina timu za watoto kuliko walimu, na hapo ndipo atakapokutana na wazazi wanaopiga kelele nyuma ya kioo. Na amwombe kocha wake ruhusa ya kuandika ripoti ya mchezaji mmoja kila wiki, ukurasa mmoja, hata kama hakuna anayeisoma. Baada ya miezi mitatu mtu ataisoma.

Usimuulize tena kama hiyo ni kazi. Muulize, timu yao ikisafiri, ni nani huwaambia wale wasiopanda basi, na kama amewahi kukaa na mmoja wao jioni hiyo. Msikilize anavyojibu, na baba yake awepo. Ukiona anacho cha kueleza, niandikie tena: kuna makocha wawili ninaowafahamu wanaotafuta kijana wa video kwa msimu ujao, na mmoja ananidai fadhila.